Bata Mzinga wa Noeli na Hatari ya Nyama Isiyoiva

Noeli inapokaribia, familia nyingi za Kasoli na vijiji vingine vya Bariadi hutafuta kuku au mbuzi wa kuchinja. Kwa familia inayofuga bata mzinga, dume mmoja aweza kulisha ukoo mzima. (Ndege huyu, pamoja na jina lake, si bata, asili yake ni Amerika, nao watu wa Mexico walimfuga tangu kale.)

Tatizo ni ukubwa wake. Kuku wa kienyeji mara nyingi hafiki kilo 2, lakini dume la bata mzinga huweza kupita kilo 10. Akiwekwa mzima ndani ya sufuria juu ya mafiga, nyama ya nje hulainika huku kwenye kiungo cha paja mna damu bado. Wazungu humwoka mzima ndani ya oveni kwa saa kadhaa, na hata kwao wengi hukosea. Sisi wenye mafiga matatu tunashauri akatwe vipande kwenye viungo. Tangulizeni mapaja na mabawa. Kidari kifuate baadaye, kwani hukauka upesi. Dume mzee huhitaji saa 2 au 3 za moto wa taratibu. Mabua na miti ya pamba huwaka kwa fujo kisha huzimika, hivyo kuni ngumu au mkaa vitafutwe mapema.

Ndani ya utumbo wa ndege, hata aliye mzima wa afya, huweza kuishi vijidudu vya salmonela na kampilobakta. Hufa joto likifika nyuzi 74 katikati ya nyama. Asiye na kipimajoto apike hadi nyama ya paja iachane na mfupa, na pasiwe na wekundu kiungoni.

Lakini desturi inayotutia wasiwasi zaidi ni ile ya mkesha. Mama huchemsha nyama nusu jioni, huifunika, familia huenda Misa ya usiku, na kesho yake mchana ndipo huungwa. Sufuria kubwa iliyofunikwa hubaki vuguvugu usiku kucha. Vipo vijidudu vyenye mbegu ngumu zisizokufa kwa kuchemshwa. Katika uvuguvugu ule huamka na kuongezeka maelfu kwa maelfu. Vingine hutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiki hata mchuzi ukitokota upya. Kwa hiyo kusema “tutachemsha tena” hakutoshi. Nyama iliyopikwa isikae zaidi ya saa 2 bila moto au jokofu. Asiye na jokofu amwache ndege hai hadi alfajiri ya Noeli. Ndege aliye hai haozi. Aliyekwishasali Misa ya mkesha anayo asubuhi nzima ya kupika. Kinachobaki kigawiwe majirani siku ile ile.

Kisu na kibao kilichokatia nyama mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Ndege aliyekufa mwenyewe kwa kideri au ugonjwa mwingine asiingie jikoni, hata kama hasara yake inauma. Na aliyetibiwa kwa dawa asichinjwe kabla ya kwisha siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Kuhara, kutapika na homa huweza kuanza saa chache baada ya kula, au hata siku ya 3. Ndiyo maana mara nyingi hulaumiwa jirani aliyeleta pilau jana yake. Mgonjwa apewe maji ya ORS, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogo kidogo na mara kwa mara. Mtoto mchanga aendelee kunyonya, na zahanati itawapa watoto vidonge vya zinki. Kukiwa na damu katika choo, au mtoto akilegea na kushindwa kunywa, apelekwe hapo hapo, sikukuu au si sikukuu.