Usiuze rimoti ya "TV zote" kabla ya kuuliza haya

Wauzaji wenzangu, hili lilinigharimu. Nilimuuzia dada mmoja rimoti ya TV zote, nikamwambia "inakubali kila kitu". Kesho yake akanipigia: "Kaka, inawasha na kuongeza sauti tu, ya kuongea haifanyi!" Nikarudisha hela, na nauli ya boda ikanikalia mimi.

Kumbe rimoti nyingi za hivi zinatuma mwanga usioonekana. Maiki ya rimoti ya smart TV mara nyingi inatumia bluetooth.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Naomba picha ya rimoti ya zamani. Ikiwa na maiki, nasema mapema kwamba hii haina.
2. Naomba picha ya stika nyuma ya TV, nijue ni kampuni gani.
3. Naielekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, nabonyeza. Kitaa kikimetameta kwenye skrini, nzima.
4. Namrekodia maelezo: washa TV, shikilia SET mpaka taa iwake, ingiza namba ya kampuni iliyo kwenye karatasi. Ikigoma, jaribu inayofuata.

Mteja akijua mapema, hagombi. Wewe huwa unauliza nini kabla ya kutuma mzigo?