Wimbo wa Mwindo

Watoto, jioni kando ya moto mmesikia wazee wakisimulia hadithi fupi za sungura na chui. Lakini ziko hadithi nyingine ndefu mno, haziwezi kwisha kwa usiku mmoja. Wayunani wa kale walikuwa na mbili za namna hiyo, Iliadi na Odisea. Odisea peke yake ina mistari zaidi ya 12,000. Mwaka 1946 Mwingereza mmoja, E. V. Rieu, aliitoa kwa Kiingereza cha kawaida, bila mistari ya shairi, kama mtu anayesimulia habari. Basi hata wasiojua Kiyunani waliweza kuisoma.

Je, huku kwetu hakuna? Iko.

Tazameni ramani. Kaskazini ya Bukavu, ng'ambo ya milima, uko msitu mkubwa wa Walikale. Huko wanakaa Wanyanga, wategaji na wawindaji hodari. Siku hizi Walikale ni ya Kivu ya Kaskazini, lakini mwaka 1956 Kivu yote ilikuwa jimbo moja, na mji wake mkuu ulikuwa Bukavu. Hadithi ndefu ya shujaa Wanyanga huiita karisi.

Mwaka ule Candi Rureke alisimulia karisi ya Mwindo siku 12. Hakuketi tu na kusema. Alisimulia, kisha akaimba. Alitikisa kibuyu, akacheza, akaigiza watu wa hadithi. Vijana walimpigia mdundo kwa fimbo na kumwitikia. Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga waliandika maneno yake. Kitabu kizima kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja! Kama Rureke angalikufa mwaka uliotangulia, maneno yake yangalizikwa pamoja naye.

Hadithi yenyewe ni hivi. Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikuwa na wake saba. Aliwaamuru wazae wasichana tu. Mke wake mpendwa akazaa mwanamume, naye alitoka akitembea. Kwa hiyo aliitwa Kabutwa-kenda. Sikilizeni vizuri: kenda hiyo ni ndugu ya "kwenda" yetu. Baba akamtupia mikuki, ikamkosa. Akamzika, mtoto akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma, ikatupwa mtoni. Mtoto akasafiri majini kumtafuta shangazi yake, Iyangura.

Baadaye Mwindo alirudi, akaishinda Tubondo. Baba akakimbilia chini ya ardhi, mwana akamfuata huko huko. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani atamwua. Hakumwua. Alimrudisha nyumbani, na Shemwindo akakiri kosa lake mbele ya watu wote.

Lakini Mwindo naye alikuwa na majivuno. Alimwua joka Kirimu, rafiki ya Nkuba, yaani Umeme. Nkuba akamchukua juu mbinguni, akamtesa kwa baridi, mvua na jua kali. Aliporudi duniani alikuwa mtu mwingine, akawapa watu wake sheria.

Kazi ya kufasiri ilikuwa ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Tena Kahombo ni jina la roho ya bahati njema, na Mwindo alizaliwa na mfuko wake! Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Masimulizi waliyaandika kwa maneno ya kawaida, nyimbo wakazitenga kwa mistari, ili msomaji ajue hapa Rureke aliimba. Usinga wa Mwindo waliuacha na jina lake la Kinyanga, conga. Mdundo wa fimbo na kucheza kwake havikuingia. Karatasi haina njia ya kuvibeba.

Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine, chenye masimulizi ya waimbaji wengine wa Kinyanga. Humo pia yumo Mwindo, lakini mambo yake si yale yale.