Kiendeshi cha hifadhidata

Kiendeshi cha hifadhidata ni programu ndogo inayokaa kati ya programu ya mtumiaji na hifadhidata, ikipeleka maswali na kurudisha majibu. Katika lugha ya Java viendeshi hufuata kanuni za JDBC, zilizotolewa mwaka 1997. Kiendeshi maalumu ni kile ambacho taasisi imejitungia au kukirekebisha, kwa kawaida juu ya maktaba ya programu iliyoandikwa na wengine. Maktaba hiyo ikipandishwa toleo, kiendeshi kinaweza kukwama ingawa hakuna aliyekigusa.

OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, umeandikwa kwa Java na hutunza kumbukumbu zake katika MySQL. Mfumo wa aina hiyo ukishindwa kuunganishwa, daktari hana faili la mgonjwa. Hata hivyo data zenyewe kwa kawaida ziko salama, hivyo kufuta hifadhidata na kuiweka upya ni hatari kuliko hitilafu yenyewe.

Toleo la 8.0 la MySQL na kiendeshi chake, Connector/J, lililotoka rasmi mwaka 2018, linaonyesha jinsi mambo yanavyoharibika. Sehemu za ndani zilihamishwa kutoka com.mysql.jdbc kwenda com.mysql.cj, kiendeshi maalumu kilichotegemea majina ya zamani hakikuzipata. Njia ya kawaida ya kuhakiki nenosiri nayo ilibadilika, na viendeshi vya zamani vikakataliwa mlangoni.

== Tatizo la saa ==

Connector/J 8.0 ilianza pia kukataa vifupisho vya kanda za saa isivyovitambua au vyenye maana zaidi ya moja. Wengi walinyamazisha ujumbe huo kwa kuandika serverTimezone=UTC, dawa iliyosambaa sana mtandaoni. Kosa hutoweka, lakini Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC. Mgonjwa aliyepokelewa saa 7:30 usiku, Julai 1, huandikwa kwenye jedwali kama saa 4:30 usiku, Juni 30. (Saa zilizotajwa hapa ni za Kiswahili, kompyuta ingeandika 01:30 na 22:30.) Ripoti inayosoma jedwali moja kwa moja humweka katika mwezi uliopita, na hata mwaka wa fedha uliopita, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Hitilafu ya namna hii ni mbaya kuliko mfumo kuzimika, kwa sababu hakuna anayeiona. Kama seva inatumia saa za Tanzania, thamani sahihi ni Africa/Dar_es_Salaam.

== Uchunguzi ==

Kwanza hutolewa nakala ya hifadhidata. Ujumbe wa kosa wa Java husomwa kuanzia chini, kwani chanzo halisi mara nyingi ndicho cha mwisho kutajwa. Kisha hukaguliwa kama folda ya programu ina matoleo mawili ya maktaba ileile. Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Programu fupi inayounganisha na kusoma safu moja tu huonyesha kama tatizo liko kwenye kiendeshi au kwenye mfumo mzima. Maktaba ya zamani ikirudishwa na kila kitu kikafanya kazi, matoleo ya katikati hujaribiwa moja baada ya jingine hadi lile lililoleta badiliko lipatikane. Majaribio hayo yafanywe kwenye nakala, na yahusishe rekodi za karibu na usiku wa manane.