Tumbo likipunguzwa, na sufuria ya nyumbani ipunguzwe

Anayehudhuria walima Mbagala, iwe Kizuiani, Charambe au Rangi Tatu, anaijua desturi yetu. Sinia la pilau huwekwa katikati ya watu, na mwenyeji hapati raha mpaka mgeni aongezwe na ashibe. Bibi harusi akionekana mwaka mmoja baadaye amenenepa, watu husema ametunzwa. Akipungua, huulizwa ana maradhi gani, au mumewe anamnyima nini. Hivyo ndivyo unene ulivyogeuka kuwa ushahidi wa neema, na wembamba kuwa ushahidi wa dhiki.

Lakini katika nyumba hizo hizo wamo akina mama wasioweza kuinuka kutoka kwenye sijda bila kushika ukuta. Wamo wanaoswali juu ya kiti wangali na miaka 40, kwa kuwa magoti yameshindwa kuubeba mwili. Kisukari na shinikizo la damu vimekuwa wageni wasioaga. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015–16 ulionesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na ule wa mwaka 2022 ulionesha kuwa idadi imepanda.

Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika mwaka 2025, amelisema jambo hili kwa miaka mingi: tunakula kuliko mahitaji yetu. Wapo waliomcheka. Lakini alilolisema si geni kwa Muislamu, kwani Mtume (SAW) ametufundisha kuwa tonge chache za kumsimamisha mwanadamu zinamtosha, na kama hapana budi, theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Wengi hurudi kwenye mafundisho hayo wakapungua, na wapo ambao mwili wao umefika mahali ambapo diati peke yake haitoshi tena. Kwa ajili yao, miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imeanza kutoa huduma za kitabibu za kupunguza uzito, zikiwamo za kuweka puto tumboni na upasuaji. Makala haya yanahusu nini familia ifanye kabla na baada ya hatua hiyo.

Nani anastahiki

Madaktari hupima uwiano wa uzito na urefu: kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuchukue mfano wa mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 110. Uwiano wake ni 43. Kwa miongo mingi kipimo cha kufikiriwa upasuaji kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vikuu vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilishusha kiwango hicho hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine.

Puto huingizwa kupitia mdomoni, hujaza sehemu ya mfuko wa chakula, na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Si upasuaji, na matokeo yake ni madogo zaidi. Katika upasuaji unaofanyika zaidi duniani, takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa, na kinachobaki huwa chembamba kama ndizi. Aina nyingine huacha kifuko kidogo tu na kukiunganisha na utumbo mdogo. Aliyefanyiwa mojawapo ya hizi mbili hupoteza kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya uzito wake katika mwaka mmoja hadi miwili. Nchini Uswidi, utafiti ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia watu zaidi ya 4,000, na ukaonesha kuwa waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao wa unene uleule ambao hawakupasuliwa.

Je, ni kubadili maumbile?

Hapa ndipo mjadala wa nyumbani huwaka. Mama mkwe atasema ni kubadili maumbile ya Allah (SW). Mume atahofu kisu. Wifi atauliza kwa nini asifunge tu Jumatatu na Alhamisi.

Wanavyuoni wengi wa zama hizi wametofautisha tiba na kujipamba. Kukata kiungo kizima kwa kutafuta umbo la kuvutia ni jambo moja, na kuondoa madhara yaliyothibitishwa na tabibu muaminifu ni jambo jingine. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha ikaoza, na Mtume (SAW) akamuamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kurekebisha madhara hakukuhesabiwa kuwa kuchezea maumbile. Basi swali la kwanza la familia lisiwe watu watasema nini, bali ni madhara gani tunayaondoa, na je, njia nyepesi zimejaribiwa kwa dhati? Mwenye jibu la mashaka amuone daktari, kisha amuone shekhe, akiwa na maelezo kamili ya daktari mkononi.

Matayarisho

Matayarisho mazuri huanza wiki nyingi kabla ya upasuaji. Mgonjwa hupimwa damu, moyo, ini na sukari, na hukutana na mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa dawa ya usingizi. Avutaye sigara hutakiwa kuacha. Kwa takriban wiki mbili za mwisho hupewa mlo wenye wanga na mafuta kidogo, ili ini lililojaa mafuta lisinyae na kumpa daktari nafasi ya kuufikia mfuko wa chakula. Anayekiuka mlo huo kwa biriani ya kuagana anaongeza hatari yake mwenyewe.

Yapo mambo ya kuulizwa kabla ya kutia saini. Gharama kamili ni ipi, pamoja na vipimo, virutubisho na mahudhurio ya baadaye? Mgonjwa mwanamke anaweza kuhudumiwa na wanawake pale inapowezekana? Sindano ya kuzuia damu kuganda imetokana na nini? Baadhi ya sindano hizo hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe, na zipo za aina nyingine. Mbadala usipopatikana, wanavyuoni wameruhusu kwa dharura. Vivyo hivyo baadhi ya vidonge vya virutubisho vina ganda la jelatini, na ni vyema kutafuta vya halali mapema kwa kuwa vitatumika maisha yote.

Kuna pia suala la njia. Kutoka Mbagala hadi Mloganzila ni kuvuka jiji zima, kutoka Barabara ya Kilwa hadi Barabara ya Morogoro. Familia ipange mapema usafiri wa kurudi, na ijue usiku wa dharura itakimbilia wapi kwanza, iwe Hospitali ya Rangi Tatu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Karatasi ya ruhusa inayoeleza aina ya upasuaji ikae mahali panapojulikana na kila mtu, ili daktari wa zamu asianze kubahatisha.

Wiki za mwanzo nyumbani

Upasuaji huu kwa kawaida hufanyika kupitia matundu madogo, na mgonjwa huinuliwa atembee mapema ili damu isigande miguuni. Akirudi nyumbani atembee kidogo kidogo kila siku, lakini asibebe ndoo ya maji wala mtoto mgongoni mpaka daktari amruhusu, jambo ambalo huchukua wiki kadhaa. Hapa watoto wakubwa na mume wana kazi.

Chakula hurudi kwa daraja. Kwanza maji na supu iliyochujwa, kwa funda ndogo ndogo. Kisha vimiminika vizito kidogo, kama mtindi usiotiwa sukari. Kwenye wiki ya tatu na ya nne huja vilivyopondwa: samaki asiye na miba, dengu, yai laini. Wali, ugali na chapati huja mwisho kabisa na kwa kiasi kidogo, kwa kuwa hukwama na hujaza nafasi bila kujenga mwili. Mgonjwa hulengwa kupata angalau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina takriban gramu 6 tu. Hivyo samaki, kuku, kunde na maziwa hutangulia katika kila mlo. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiriwa takriban nusu saa. Soda iagwe.

Dalili zifuatazo hazisubiri asubuhi: moyo kwenda mbio, homa, maumivu makali ya tumbo au bega, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, choo cheusi. Anayetapika kwa siku kadhaa mfululizo awahishwe hospitali, kwani upungufu wa vitamini B1 unaweza kudhuru ubongo. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki zisitumike bila idhini, kwani huweza kuleta vidonda tumboni. Mwenye kisukari naye asiendelee na vipimo vya zamani vya dawa bila kuuliza, kwa sababu sukari huweza kushuka haraka.

Swala na Ramadhani

Swala haiondoki kwa mgonjwa. Ataswali kwa kukaa au kwa ishara kadiri awezavyo, atapaka maji juu ya bandeji, na atatayamamu ikiwa maji yatamdhuru.

Mtihani mkubwa zaidi ni funga. Hapa kwetu mchana wa funga ni zaidi ya saa 13. Mtu wa kawaida hufidia maji kwa vikombe viwili vitatu vya mkupuo wakati wa futari. Mwenye mfuko mdogo hawezi kunywa kwa mkupuo, na hawezi kunywa huku anakula. Lita moja na nusu anayoihitaji lazima aigawe kwa funda kati ya Magharibi na alfajiri, katikati ya futari, tarawehe, usingizi na daku. Katika miezi ya mwanzo hesabu hiyo haitimii, na figo ndizo zinazolipa. Ndiyo maana madaktari wengi hushauri kutofunga kwa miezi kadhaa, wengine mpaka mwaka au zaidi, kulingana na aina ya upasuaji na hali ya mtu.

Allah (SW) amempa mgonjwa ruhusa ya kukamilisha idadi katika siku nyingine. Kuikubali ruhusa hiyo si udhaifu wa imani. Anayepanga upasuaji aangalie pia kalenda, asiuweke karibu na Ramadhani. Na atakaporuhusiwa kufunga, futari yake haitakuwa ile ya zamani ya magimbi ya nazi, tambi za sukari na kalimati. Tende moja itafunwe taratibu, kisha maji kidogo, kisha protini. Sukari nyingi kwa aliyeunganishwa utumbo huweza kuleta jasho, kizunguzungu na kuhara.

Wajibu wa familia

Mume na mke wazungumze jambo jingine: uzazi. Uzito ukishuka, mwanamke aliyekuwa hashiki mimba huweza kushika ghafla, ilhali madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18. Baadhi ya upasuaji hudhoofisha utendaji wa vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo njia ichaguliwe pamoja na daktari.

Turudi kwa yule mama wa kilo 110. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele zake zitapukutika, na kwa kawaida huota tena. Ngozi italegea. Majirani watanong'ona kuwa ana maradhi ya siri, na huo ni usengenyaji ambao Uislamu umeuharamisha. Hana deni la kumueleza kila mtu. Lakini akirudi jikoni akakuta sufuria ni ileile, mafuta ni yaleyale, na kila anayempenda anamsukumia sahani akisema "ongeza kidogo", atapambana peke yake na nyumba nzima. Mfuko wa chakula uliopunguzwa huweza kutanuka, na uzito huweza kurudi.

Kwa hiyo kabla daktari hajapanga siku ya upasuaji, familia ikae kikao chake. Nani atabeba maji? Nani atamkumbusha vidonge vya chuma, kalisiamu na vitamini B12, si kwa mwezi mmoja bali kwa umri wake wote? Nani ataanza kupunguza sukari na mafuta pamoja naye, watoto wakiwamo, ili wao wasije kukihitaji kisu hicho miaka 20 ijayo? Nyumba ambayo haijapata majibu ya maswali haya bado haijajitayarisha, hata kama fedha zimeshapatikana.

Mwili ni amana, na kumsaidia mwenye kuuponya mwili wake ni ibada. Tunamuomba Allah (SW) awape shifaa wagonjwa wetu, azitie baraka tonge chache, na atujaalie nyumba zinazosaidiana katika kheri. Amin.