Kuifikia Seva ya Mbali kutoka Bariadi: Suala la Amri na la Irabu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu yapo Bariadi, ni sehemu ya uwanda wa mtafiti yeyote wa Kisukuma. Matini na sauti anazozikusanya huko, hata hivyo, huenda zikahifadhiwa katika seva ya chuo kilicho mamia ya kilomita kutoka uwandani. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta yenye mfumo wa Linux inavyoifikia seva hiyo, na mahali ambapo data ya lugha inaweza kuharibikia.

Itifaki ya Telnet, iliyoanza kuelezwa mwaka 1969, ilipeleka kila kitu waziwazi, nywila ikiwemo. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alibuni SSH baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo hicho. Toleo huria, OpenSSH, lilifuata mwaka 1999, na ndilo lililoenea katika Linux.

Mtumiaji hufungua terminali na kuandika ssh, kisha jina lake, alama ya @ na anwani ya seva. (Neno seva limekwisha kuzoeleka, ingawa mwenyeji lingesadifu zaidi.) Kwa desturi, mgeni ndiye apigaye hodi na kujitambulisha. Hapa mwenyeji hutangulia: seva huonyesha alama ya ufunguo wake, nayo yapasa kuthibitishwa kwa msimamizi kabla ya kukubaliwa mara ya kwanza. Wengi hukubali bila kusoma, na hivyo kumpa mwizi nafasi ya kujifanya seva. Ndipo mgeni naye hujitambulisha, kwa nywila au, bora zaidi, kwa jozi ya funguo: ule wa siri hubaki katika kompyuta yake, na ule wa umma huwekwa kwenye seva.

Faida kubwa kwa aliyeko Bariadi ni kwamba kazi hufanyika kule kule data iliko. Akitafuta kiambishi katika kongoo lenye maneno milioni kadhaa, kinachosafiri ni amri ya mstari mmoja na majibu yake tu. Mtandao ukikatika, programu ya tmux iliyoanzishwa kwenye seva huiacha kazi iendelee hadi atakaporudi. Rekodi za sauti hazina budi kusafiri. Kwa hizo hufaa rsync, ambayo hairudii kupeleka faili zilizokwisha kufika.

Kinachopuuzwa ni usimbaji wa herufi. Kisukuma, ambacho Herman Batibo alichambua fonolojia na mofolojia yake katika kitabu kilichochapishwa Paris mwaka 1985, kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Irabu mbili za ziada zinaweza kuandikwa ɪ na ʊ, herufi zisizokuwemo katika ASCII yenye nafasi 128. Katika UTF-8 kila moja huchukua baiti mbili. Seva ikiwa imepangwa kwa ASCII, herufi hizo huweza kuonekana kama alama za kuulizia, na faili ikihaririwa katika hali hiyo huweza kuharibika. Hatari zaidi ni mtafiti anayeamua kuandika i na u ili kuepuka usumbufu: tofauti ya kifonimu hufutika, wala hakuna programu itakayoirejesha. Amri ya locale, ikitolewa mara tu baada ya kuingia, huonyesha msimbo unaotumika. Ukiwa si UTF-8, mpangilio urekebishwe kabla neno la kwanza la Kisukuma halijaandikwa.