Gofu la urithi lilivyonitoa kamasi Magomeni

Msomaji mpenzi, wiki hii sikuletei habari za wacheza dansi wala za vimwana. Nakuletea yangu mwenyewe, tena ya aibu. Siku dalali akikwambia "bosi, kuna nyumba ya bei ya kutupa", vuta kiti kwanza ukae.

Ilikuwa 2014. Barabara ya Morogoro ilikuwa inachimbwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, yaliyokuja kuanza kazi Mei 2016. Kila mwenye pua ya biashara alishanusa kwamba Magomeni itapanda bei, na mimi muuza mbao nikajiona mjanja wa mjini. Mpango wangu ulikuwa mwepesi tu: nanunua nyumba mbovu, naitengeneza, napangisha vyumba, mbele naweka fremu mbili za maduka. Mkwanja unaingia nimelala.

Dalali akanipeleka kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Bati zimekuwa nyekundu kwa kutu, kenchi zimeliwa na mchwa, ukuta wa mbele una ufa wa kupitisha mkono. Nikafurahi moyoni. Kwa mnunuzi wa magofu, ufa ni mtaji wa maneno.

Nikaenda na fundi wangu. Kila anapogonga ukuta anaguna, na kila akiguna kaka mkubwa wa familia anapunguza bei. Walianza na milioni 85. Tukashuka kwa ajili ya bati, tukashuka kwa ajili ya choo, mpaka tukagota milioni 68. Jamani, milioni 17 nimeziangusha kwa kuguna! Usiku ule niliagiza kuku mzima.

Kimbembe kikawa pesa. Benki waliniuliza hati ya nyumba ninayonunua iko kwa jina la nani, na mthamini amesema ina thamani gani kwa hali iliyonayo. Benki haikopeshi kwa uzuri nyumba itakaoupata baada ya rangi, inakopesha kwa kile kinachoonekana leo. Mambo hayo mimi nikayaita longolongo. Niliuza pikapu yangu nikapata milioni 20. Milioni 14 nikazichukua kwa mkopeshaji wa mtaani, riba asilimia 10 kwa mwezi, yaani milioni 1.4 kila mwezi ukigeuka. Nikajisemea, miezi mitatu tu nimemaliza. SACCOS yetu ikaahidi kutoa milioni 34 zilizobaki siku uhamisho wa hati utakapokamilika.

Dhamana kwa mkopeshaji? Nilimpa hati ya nyumba yetu ya Mbagala. Mke wangu sikumwambia. Nilitaka kumpa "sapraizi".

Basi bwana, nikamkabidhi kaka mkubwa milioni 34, tukaandikishana, mashahidi wakapiga saini, dalali akachukua chake akayeyuka. Wiki iliyofuata nikaenda na mafundi kushusha bati. Hata ngazi haijasimama, akatoka mama mmoja chumba cha nyuma, kanga mabegani, kijiko cha ugali mkononi.

"Mwanangu, unabomoa kwa ruhusa ya nani?"

Nikamtolea karatasi zangu. Akazitazama, akanirudishia taratibu. "Huyu ni kaka yangu kwa baba. Mimi nimezaliwa chumba hiki. Sikukatalii kununua, baba. Hujaniuliza tu."

Nikaanza kuuliza maswali niliyopaswa kuuliza mwanzo. Hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu mzee, aliyefariki 1988. Aliacha watoto wa wake wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa alikuwa mkubwa kwa umri tu. Kisheria hakuwa na cha kuniuzia, na yule shangazi angeweza kunipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nikabaki na karatasi za kufungia maandazi.

Njia ikawa ni kuanza upya. Kikao cha ukoo kikakaa, kikaandika muhtasari na kupendekeza msimamizi. Mzee alikuwa Mwislamu, kwa hiyo shauri likafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Tangazo likabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mtoto mmoja yuko Tanga, mwingine Mwanza, kila mmoja asubiriwe. Mahakama haina haraka na riba yako, msomaji. Mwezi ukigeuka, milioni 1.4. Ukigeuka tena, milioni 1.4.

Mwezi wa tano mkopeshaji akatuma vijana wawili Mbagala "kuangalia dhamana". Mke wangu ndiye aliyewafungulia mlango.

Niliporudi nikamkuta amekaa barazani, taa haijawashwa. Nikajieleza, nikamlaumu kaka mkubwa, nikamwita tapeli aliyeuza nyumba bila kumwambia dada yake. Mama watoto akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba watoto, na wewe ya kwetu uliiweka rehani ukamwambia nani?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mwenza aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Siku tatu hatukusemezana. Siku ya nne akaweka mezani milioni 10, akiba yake na pesa za mchezo wa akina mama. "Hizi si za gofu lako," akaniambia. "Ni za hati yangu."

Mambo yalimalizika mwezi wa 11. Msimamizi akateuliwa, shangazi akakubali kwa sharti moja: warithi wote walipwe siku moja, mbele ya mwanasheria, kila mtu kwenye akaunti yake, na yeye apate miezi mitatu ya kuhama. Kaka mkubwa alikuwa ameshakula milioni 9 za malipo yangu ya kwanza, zikakatwa kwenye fungu lake. Shangazi alinunua kiwanja Chanika akajenga vyumba viwili.

Sasa piga hesabu nami. Riba ya miezi 11 ni milioni 15.4. Ongeza mwanasheria na nauli za warithi. Zile milioni 17 nilizoziangusha kwa kuguna zimekwisha zote. Ningenunua kwa bei yao ya kwanza, kwa pesa isiyo na riba, ningekuwa palepale, tena na amani nyumbani.

Nyumba ninayo, wapangaji wamejaa, na magofu mengine mawili nimeshanunua. Lakini siku hizi naingia uani kabla sijatazama ukuta. Nahesabu majiko. Majiko matatu maana yake kuna watu watatu wa kuzungumza nao, hata kama aliyekaa sebuleni anasema yeye ndiye mwenye nyumba. Kisha naomba upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, naangalia jina ni la nani na kama kuna rehani au zuio. Mwenye jina akiwa marehemu, naomba karatasi ya mahakama ya usimamizi. Haipo? Sitoi hata shilingi, naacha namba ya simu naenda zangu. Ikiwepo, natoa kidogo kwa kuanzia, tena kinakaa kwa mwanasheria.

Na pesa ya riba ya kila mwezi sipeleki kabisa kwenye nyumba ya urithi. Pesa ile ina haraka, warithi hawana. Ukiwa na deni linalokukimbiza, utamlipa mtu yeyote atakayesema "mimi ndiye mkubwa hapa".

La mwisho, kabla sijasaini popote, namwonyesha mama watoto karatasi. Akinyamaza, nami nanyamaza.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.