Chuma Kidogo Kilichomo Mwilini

Katika kila shule hakosekani mwanafunzi ambaye wenzake humwita mvivu. Kengele ya asubuhi ikilia, yeye ndiye wa mwisho kuondoka kitandani. Kiwanjani hutweta kabla ya wenziwe. Na mchana, mwalimu anapoeleza somo, yeye husinzia. Huenda kweli ni mvivu. Lakini huenda vile vile amepungukiwa na kitu kidogo sana, ambacho chote pamoja uzito wake ni kama wa msumari mmoja tu. Kitu hicho ni chuma. Nia ya makala haya ni kueleza chuma chafanya kazi gani mwilini, na kwa nini hatuna budi kukitunza.

Si chuma peke yake. Viumbe vyote vyenye uhai, tangu mchicha hata ng'ombe, vina madini ya namna nyingi ndani yake. Lakini msomaji asidhani kuwa madini hayo yamo kama vipande vya bati au waya. Yamo katika hali ya ioni. Ioni ya madini ni atomu iliyopoteza elektroni moja au zaidi, na kwa hiyo imebaki na nguvu ya umeme. Mfano ulio karibu nasi ni chumvi ya mezani. Sodiamu ikiwa peke yake ni madini laini yanayolipuka yakitiwa majini. Lakini ioni yake, iliyopoteza elektroni moja, twaila kila siku katika mchuzi kwa salama.

Kila ioni ina kazi yake. Sodiamu na potasiamu hupeleka habari katika mishipa ya fahamu. Chembe za mwili husukuma sodiamu nje na kuweka potasiamu ndani; habari inapopita, milango midogo hufunguka, sodiamu ikaingia kwa kasi, na mshtuko huo wa umeme hukimbia mpaka mwisho wa mshipa. Ukikanyaga mwiba, hivyo ndivyo unavyojua. Magnesiamu nayo imo katikati ya rangi ya kijani ya majani, ile inayonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Mmea ukiikosa, majani yake hugeuka manjano. Kalsiamu hujenga mifupa na meno, tena huamrisha misuli kujikunja.

Kazi hii ya pili ya kalsiamu iligunduliwa kwa bahati. Daktari mmoja wa London, Sydney Ringer, alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kutiwa katika maji ya chumvi. Moyo uliendelea kupiga muda mrefu. Baadaye akatambua kuwa maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba. Alipotumia maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, moyo ulidhoofika ukasimama. Alipotia kalsiamu kidogo, ukapiga tena. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1883.

Sasa turudi kwenye chuma. Mtu mzima ana gramu 3 au 4 hivi za chuma, na karibu theluthi mbili zake zimo katika damu, ndani ya himoglobini, ambayo ndiyo inayoipa damu rangi nyekundu. Kila himoglobini ina atomu 4 za chuma. Kazi yake ni kushika oksijeni mapafuni, kuichukua mpaka kwenye misuli na ubongo, na kuiachia huko. Chuma kikipungua, oksijeni nayo hupungua, na mwili mzima huchoka.

Hapa pana jambo la ajabu. Chuma chaweza kupoteza elektroni 2 au 3. Kilichopoteza 2 ndicho kiwezacho kubeba oksijeni; kilichopoteza 3, kama kile kilicho katika kutu ya jembe, hakiwezi. Kwa nini basi chuma cha damu hakishiki kutu, ingawa hukutana na maji na hewa kila wakati? Ni kwa sababu himoglobini imekikunja ndani yake na kukihifadhi, kama kokwa ndani ya tunda. Max Perutz, aliyefanya kazi Cambridge, Uingereza, alichukua zaidi ya miaka 20 kuchunguza umbo la himoglobini, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1962 pamoja na mwenzake John Kendrew.

Mwili ni bahili wa chuma. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikifa, chuma chake huokotwa na kutumiwa tena. Kwa hiyo mwanamume hupoteza miligramu 1 hivi tu kwa siku. Lakini damu ikimwagika, chuma humwagika nayo. Wasichana hupoteza zaidi kwa sababu ya damu ya kila mwezi. Kisha wako wenye minyoo ya safura. Minyoo hii ikiwa bado michanga sana hutoboa ngozi ya mguu utembeao pekupeku penye udongo uliochafuliwa kwa kinyesi, ikasafiri mwilini hata ikafika utumboni, na huko hunyonya damu mchana na usiku. Mwenye safura hupauka viganja na kope kwa ndani, moyo humwenda mbio, na akili haikai kitabuni. Huyo hata akipigwa fimbo hatapona, ahitaji dawa.

Hata asiye na minyoo aweza kupungukiwa, kwa jinsi anavyokula. Chuma cha nyama, ini na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Chuma cha maharagwe, kunde na mboga za majani ni kigumu zaidi, kwa kuwa kingi chake kimepoteza elektroni 3, na utumbo hupendelea kile kilichopoteza 2. Lakini vitamini C, iliyomo katika chungwa, limau, pera na embe, hukirudishia elektroni moja. Chai hufanya kinyume: tanini iliyomo ndani yake hukamata chuma kisiweze kupita. Basi anayekula maharagwe yake kwa chai hujinyima mwenyewe. Afadhali anywe maji, ale na chungwa, na chai aingoje hata saa moja au mbili zipite.

Lakini msomaji asikimbilie kumeza vidonge vya chuma ovyo. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, na kikizidi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Vidonge ni vya kupewa na mganga baada ya damu kupimwa. Yaliyo katika uwezo wetu sote ni haya: kutumia choo, kuvaa viatu, na kula chakula kwa akili.

Basi, ndugu wasomaji, tukimwona mwenzetu anasinzia darasani na kutweta kiwanjani, tusiharakishe kumcheka. Tumshauri aende zahanati. Tone moja la damu kutoka kidoleni latosha kutuonyesha kama damu yake imepungua, na kama tulimwita mvivu bure.